Kipindi cha Pili Kule Mulanda

Nyinyi maskauti vijana mmeniomba niwaandikie kuhusu mawinga. Sawa, nitaandika, lakini niwaonye mapema: siku hizi kumbukumbu zangu haziji kwa mpangilio. Huja mchana, nikishakula, nimejinyoosha kwenye mkeka nyuma ya nyumba hapa Lunyo, upepo unapita kwenye mihogo, nami siko macho wala sijalala. Hapo ndipo mpira hupigwa. Anayeupiga simjui. Nasikia tu mguu ukigusa mpira, pu, kisha mpira unapanda, unapita juu ya mihogo ya jirani na kukaa huko huko juu. Haushuki. Chini yake, mbali kabisa pembeni, kuna kijana anakimbia, na mimi nina daftari mkononi lakini kalamu siioni.

Mke wangu anasema hayo ni mambo ya kushiba kupita kiasi. Huenda ana haki.

Jina langu ni Wandera. Nilizaliwa Busia upande wa Kenya, shamba langu liko huku Uganda, na mkiniuliza mimi ni wa wapi nitawaambia mimi ni Msamia, maana sisi mpaka ulitukuta tumeshakaa. Kwa miaka mingi nilikuwa skauti, mtafuta wachezaji, wa klabu moja ya mpira ya Busia. Kila skauti alikuwa na eneo lake. Wengine walitafuta makipa, wengine mabeki wa kati, watu wazito wenye sauti. Mimi nilipewa pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vyuo vya ualimu na vya ufundi, pande zote mbili za mpaka, nikitafuta mawinga.

Nyinyi mnakijua kikao cha zamu, lakini nieleze kwa ajili ya anayesoma akiwa mgeni. Mara moja kwa mwaka vilabu vya mpakani vinavyolipa wachezaji hukaa ukumbini Tororo. Mezani kuna orodha ya wanavyuo wanaomaliza masomo. Klabu iliyoshika mkia msimu uliopita inachagua kwanza, kisha inayofuata, hivyo hivyo kwa zamu hadi raundi ziishe. Jina likiitwa, kijana ni mchezaji. Lisipoitwa, anatafuta chaki akafundishe, au anatafuta jembe. Na kabla ya siku hiyo kila skauti huwa ameandika taarifa: huyu anafaa, huyu hafai. Neno "hafai" ni fupi sana kuliandika. Kalamu haichoki hata kidogo.

Aliyenifundisha kazi ni mwanamke. Nilikuwa nacheka nikisema hivyo zamani, sasa nalisema kwa kujisifu. Alikuwa mwalimu wa michezo katika chuo kimoja upande wa Tororo, Mjapadhola, mrefu, amevaa kofia ya jua ya kiume, na mfukoni hamkukosa njugu. Sisi sote tulimwita Madam Nyafwono. Klabu yetu ilimtumia kama jicho lake upande wa Uganda, na nilipoanza kazi nilipelekwa kwake nikanolewe.

Siku ya kwanza alinikalisha kwenye benchi, akanionyesha winga wa kulia wa timu ngeni, akaniambia nimtazame huyo tu. Yeye akaanza kubambua njugu zake. Mechi ikaisha. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nimefurahi, nikamgeukia nikingoja sifa.

Akaniuliza, "Wandera, bao ngapi?"

Nikamjibu kwamba wenyeji wamefunga mawili, wageni moja, na lile la pili lilikuwa la kichwa.

"Basi wewe hapana fanya kazi," akasema. "Wewe nakuja kutazama mpira. Mpira hata mbuzi natazama. Kuja tena Jumamosi."

Nikaja tena Jumamosi. Nikajua tena matokeo. Jumamosi nyingine vivyo hivyo. Ilinichukua karibu muhula mzima kufika siku ambayo Madam aliniuliza bao ngapi nami nikakaa nimeduwaa, sina jibu, watu wanashangilia kando yangu na sijui wanashangilia nini. Hakunisifu. Alinimiminia njugu kiganjani, zilizokwisha kubambuliwa, na kwa Madam hilo lilikuwa jambo kubwa.

Maana ya somo lile ni hii, na mkisahau yote mengine msisahau hili: winga anacheza zaidi wakati hana mpira. Mpira ukiwa miguuni mwake kila mtu anamwona, hata muuza maandazi anaweza kuandika taarifa. Mtazame mpira ukiwa bado hewani unamjia. Pale kuna sekunde mbili, tatu, na ndani yake yumo mtu mzima. Je, ameshatazama nyuma yake kabla haujafika? Bega limegeuka kuelekea goli au bado limekabili mstari? Mkono ameunyoosha kuomba wakati ule beki anapolala, au anaomba muda wote kama mtoto wa darasa la kwanza? Na usipomjia, je? Mtazame pasi ya tatu inayomkosa. Wengi wakikoswa mara tatu hushika kiuno. Yule anayekimbia mara ya nne kama vile ni ya kwanza, andika jina lake kwa herufi kubwa.

Mambo mengine ni madogo lakini yana faida. Fikeni mapema kabla timu hazijavaa, muone njumu zimelika upande gani. Ongeeni na anayefua jezi. Mmoja wa pale Malaba aliniambia mambo ya mabeki ambayo makocha wao hawakuyajua: jezi yenye matope mgongoni ni ya mtu anayeangushwa, yenye matope kifuani ni ya mtu anayejitupa. Na msikae jukwaa kuu na wakubwa. Kule wanawapa soda, na ukishakunywa soda ya mtu mkono unakuwa mzito kuandika ukweli.

Makosa ninayo ya kuwagawia. Kulikuwa na kijana mmoja wa chuo cha ufundi upande wa Kenya, winga wa kushoto, ambaye nilimwandikia sifa mpaka nikaishiwa maneno. Mawinga wengi wa umri ule hawatulii pembeni. Wanavutwa katikati wanakoona sherehe. Huyu aligandia mstari dakika zote tisini. Niliandika ana nidhamu ya pekee. Tukamchukua. Mechi ya kwanza akaanza kuzurura, mara kati, mara nyuma, mara huku, kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Kocha akaniita akaniuliza nidhamu yenyewe iko wapi. Nikaenda kuchunguza. Kumbe ile mechi ya chuoni mpenzi wake alikuwa amesimama pembeni pale mstarini, na sasa msichana alikuwa amehamia Kisumu. Hadi leo kuna watu Busia wakiniona wananiuliza kama nimemtazama winga au nimemtazama shemeji.

Lile nalicheka. Lingine silicheki, na ndilo lililonifanya nikubali kuwaandikia.

Mwaka ule klabu yetu ilikuwa imeshika mkia, kwa hiyo zamu ya kwanza ilikuwa yetu, na tulihitaji winga mmoja tu. Orodha ilikuwa na wawili wanaofaa kufikiriwa. Mmoja aliitwa Barasa, wa chuo cha upande wa Kenya. Mwingine aliitwa Ochwo, mwanachuo wa ualimu, kijana wa kwao hapo Tororo. Bahati nzuri vyuo vyao vikapangiwa mechi ya kirafiki Mulanda, asubuhi. Wote wawili uwanja mmoja, siku moja. Skauti akipata nafasi kama hiyo anapaswa kuoga mara mbili na kufika alfajiri.

Mimi nilikuwa na mpango mwingine. Jioni ile ile kulikuwa na mechi nyingine Busia, na nilitaka niwe mtu aliyeona mechi mbili katika nchi mbili kwa siku moja. Sisi watu wa mpakani tuna ugonjwa huo. Kwa sababu ng'ambo ni karibu, tunadhani tunaweza kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Tena nilikuwa na viatu vipya, vyeupe, ambavyo mke wangu alikuwa amenichagulia mwenyewe.

Sasa viatu vina habari yake. Madam Nyafwono alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku ya mvua. Kabla ya mechi alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea uwanja mzima peku, kutoka kibendera hiki cha kona hadi kile, kisha kurudi. Sisi wote tuliofundishwa naye tulifanya hivyo. Watu walitucheka, wakasema maskauti wa Nyafwono wanatafuta sindano. Alisema jicho linadanganywa na majani yaliyokatwa vizuri, lakini unyayo hausahau. Siku ile Madam hakuwepo, alikuwa msibani kwao. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nikautazama uwanja, nikavitazama viatu vyangu vyeupe, nikasema moyoni, leo hapana. Nikakaa kwenye kiti changu karibu na mstari wa kati, nikafungua daftari.

Sijui nisemeje jinsi asubuhi ile ilivyokuwa nzuri. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye mashamba ya mpunga kule chini, na wachezaji walionekana kama hawagusi ardhi. Sauti zilinifikia zikiwa zimechelewa. Barasa alipewa pasi ndefu ya kwanza, akaondoka, na beki akabaki nyuma kama kwamba amefungwa kamba. Nikabonyeza saa ya kupimia mbio. Nikaitazama, nikaitikisa, nikaitazama tena. Sikuwahi kuona winga wa chuo mwenye mbio zile. Mara ya pili, vile vile. Upande wa pili Ochwo alikuwa akipokea vizuri, bega likiwa wazi, jicho nyuma kabla ya pasi, kila kitu kama kitabuni, lakini akianza kukimbia alikuwa kama anayebeba gunia. Beki anamfikia. Anarudisha mpira nyuma, anakimbia tena. Alikimbia hata pasi ya nne, na ya tano. Niliona. Niliona na sikuandika kwa herufi kubwa.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Nikaandika: Barasa ana mbio za ajabu. Ochwo ni mzito, hafai. Nikafunga daftari, nikapanda boda hadi Tororo, nikavuka Malaba kabla foleni haijajaa, na saa kumi nilikuwa nimekaa Busia nikitazama mechi yangu ya pili, viatu vikiwa bado vyeupe.

Kwenye kikao cha zamu mwenyekiti wetu akaita jina la Barasa. Ochwo hakuitwa na yeyote. Vilabu vingine vilijua kwamba mimi ndiye mtu wa mawinga, na niliyemkataa hawakumgusa. Mnaona uzito wa kalamu? Kijana akaenda kufundisha shule ya msingi, Mukuju.

Barasa alikuja Busia, kwenye uwanja wetu ulio bapa kama sinia, na mbio zake hazikuja naye. Alijitahidi, maskini, si kosa lake. Alikuwa kijana mwema na mbio za kawaida. Mashabiki walimzomea miezi mitatu, akaomba kuondoka. Nikarudia kuiangalia saa yangu, nikaipeleka kwa fundi, fundi akasema saa ni nzima kabisa.

Ndipo nilipomwendea Madam. Alikuwa amestaafu, magoti yanamsumbua, lakini kofia ni ile ile. Nilimweleza yote isipokuwa ile safari ya mapumziko. Alinisikiliza, kisha akasema twende Mulanda. Tulifika mchana, uwanja mtupu, ng'ombe wawili tu golini. Akaniambia vua viatu.

Nikavua. Nikatoka kibendera cha juu, upande wa shule, nikaelekea cha chini, upande wa mpunga. Hatua thelathini hivi na miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Nilikuwa natembea na ardhi inanisaidia. Macho yaliona uwanja uliolala sawa. Nyayo zilisema tunashuka. Nilipofika chini nikageuka, na kurudi juu nilihema. Barasa alikuwa amekimbia kipindi kizima akishuka. Ochwo alikuwa amekimbia kipindi kizima akipanda.

Madam alikuwa amesimama mstari wa kati, karibu kabisa na pale nilipoweka kiti changu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Kipindi cha pili, Ochwo alicheza namna gani?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, hata ilikuwa nzuri. Lakini nilikuwa peku mbele yake, na nadhani mtu akiwa peku uongo unamwia vigumu. Nikamwambia sijui, Madam. Niliondoka mapumziko.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alitoa njugu, akaanza kubambua, akala zote mwenyewe.

Kanuni za kikao zilimpa mwanachuo miaka miwili kwenye orodha, basi. Jina lililokataliwa kwa taarifa ya skauti lingeweza kurudishwa mara moja tu, na kwa njia moja tu: skauti yule yule asimame ukumbini mbele ya vilabu vyote aseme taarifa yake ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe alitaje. Kwa miaka yote niliyokaa pale hakuna aliyewahi kusimama. Ukisimama, nani atakusoma tena? Kikao cha mwaka wa pili wa Ochwo kilikuwa kimebakiza siku tisa.

Siku saba za kwanza nilizimaliza nikijipa sababu. Nilijiambia kijana ameshazoea ualimu. Nilijiambia labda kweli ni mzito hata akishuka. Mchana nikilala, mpira unapigwa, unapanda, kijana anakimbia kuelekea kilimani, na haushuki. Siku ya nane nikaenda Mukuju.

Nilimkuta Ochwo darasani akisahihisha madaftari, wanafunzi wameshaenda nyumbani. Alinijua mara moja, akasimama, akanipa kiti chake na yeye akakaa juu ya dawati. Nilijieleza kwa kuzunguka zunguka, nikataja mvua, nikataja foleni ya Malaba, nikataja mteremko. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu," akasema, "mimi naona wewe siku ile nakwenda. Viatu nyeupe. Mimi nasema, ah, huyu nakwenda kunywa maji, atarudi. Kipindi ya pili mimi nafunga bao tatu. Kila bao natazama kiti yako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza alikoacha ufunguo. Halafu akaniuliza kama ningependa chai.

Jamani, nimezomewa na mashabiki elfu, nimetukanwa na makocha kwa lugha tano za mpakani. Hakuna kilichonichoma kama kile kiti. Niliona aibu hata ya kuinuka. Chai niliinywa bila kujua ina sukari au haina. Nilipotoka nilimwuliza swali moja tu, kama bado anafanya mazoezi. Akanionyesha kupitia dirishani kilima cha nyuma ya shule. Akasema kila asubuhi, kabla ya kengele, anakipanda mbio mara kumi.

Kesho yake ukumbini Tororo nilisimama. Nilikuwa nimeandika hotuba, nikaiacha mfukoni.

"Taarifa ya mwaka jana juu ya Ochwo niliiandika mimi," nikasema. "Uwanja una mteremko, sikuutembea. Nikaondoka mapumziko. Kipindi cha pili sikukiona. Naomba jina lake lirudi."

Nyuma mtu akacheka, kisha wengi. Skauti mmoja wa Malaba aliuliza kwa sauti kama ni taarifa hiyo tu yenye kosa au ni zote. Ilikuwa haki yake kuuliza. Mwenyekiti wetu aliitazama meza kana kwamba ina maandishi madogo. Jina likaandikwa tena, chini kabisa ya orodha, kwa kalamu ya mkono.

Raundi zikaanza. Klabu yetu ilipita bila kumtaja, na mwenyekiti hakunigeukia. Ya pili ikapita. Ya tatu. Nilihesabu majina yaliyobaki na zamu zilizobaki, nikaona zamu hazitalifikia jina lake. Zamu ya mwisho kabisa ilikuwa ya klabu ndogo ya upande wa Tororo, ambayo kocha wake alikuwa mtu mwenye haya, haongei. Alinigeukia. Akauliza, mteremko ule unashukia upande wa mpunga? Nikasema ndiyo. Akasema amewahi kucheza pale akiwa kijana, miguu yake inaujua. Akaita jina la Ochwo.

Wiki ile ile mwenyekiti wangu aliniita akaniambia nimefanya kazi ya kutosha na sasa nipumzike. Ndivyo nilivyostaafu, kama mnataka kujua, pale mnaposikia watu wakisema mzee Wandera alistaafu kwa heshima. Nilirudisha saa na kitambulisho. Daftari nikabaki nalo.

Nyinyi mna vifaa nisivyovijua. Wachezaji wenu wanavaa vile vivesti vyenye kidude mgongoni, na kabla hujafika nyumbani mbio zote ziko kwenye simu. Mnatumiwa video za winga wa Mulanda mkiwa mmekaa Kisumu mnakula samaki. Ni jambo jema, sina kinyongo. Nawakumbusha tu kwamba siku ile ya Barasa, hicho kidude kingesema vile vile nilivyosema mimi. Vueni viatu. Na kaeni mpaka mwisho, hata kama mmeshaona kila kitu, hasa mkiwa mmeshaona kila kitu. Yuko mtu kule pembeni anayetazama kiti chako.

Msimu ulipoanza, klabu ya Ochwo ilikuja kucheza Busia. Nililipa kiingilio kama watu wengine, nikakaa karibu na mstari wa kati. Nilikuwa nimevaa viatu vile vile vyeupe, ingawa sasa ni vyeupe kwa jina tu. Timu zilipoingia, Ochwo alisimama pembeni yake, akakung'uta miguu, kisha akageuza kichwa taratibu akatafuta kwenye viti. Akaniona. Hakupunga mkono. Akageukia uwanja.

Jua lilikuwa kali na yote yalionekana kwangu kama yapo ndani ya maji. Nakumbuka bega lake. Nakumbuka alivyotazama nyuma kabla ya kila pasi, na pasi tatu zilizomkosa, na ya nne alivyoikimbilia. Mapumziko watu waliinuka kwenda kununua maji, wakanipita, wakanikanyaga. Mimi nilikaa. Kipindi cha pili kuna mpira mmoja ulipigwa kutoka mbali sana, ukapanda, ukakaa juu, na chini yake kijana akakimbia kwenye uwanja ule bapa kama mtu aliyetua gunia. Mpira ukashuka. Niliuona ukishuka mpaka mguuni mwake, na machozi yalinitoka, siwafichi.

Nilipokuwa natoka getini simu ikalia. Alikuwa Madam Nyafwono. Hakunisalimia.

"Wandera, bao ngapi?"

Nikasimama pale, watu wananisukuma huku na huku, wengine wakiimba, wengine wakilaumu refa. Nilifikiri kwa bidii kabisa.

"Sijui, Madam," nikamwambia. "Kwa kweli sijui."

Upande wa pili nikasikia njugu zinabambuliwa.